Timu ya Zanzibar na Mashindano ya Afrika

Muhula uliopita, nilipokuwa Kidato cha Tatu, Chama cha Midahalo cha shule yetu kilikutana bwaloni Jumamosi jioni kuijadili hoja hii: "Zanzibar ipewe nafasi ya kushindana peke yake katika Kombe la Mataifa ya Afrika." Mimi nilipangwa upande wa kuiunga mkono. Nilisema kwa sauti kubwa, nikapigiwa makofi, nikakaa chini nikiwa nimejaa furaha. Ndipo aliposimama mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Pemba, naye alikuwa upande wa kupinga, akaniuliza swali moja tu. Sikuweza kulijibu. Nilikohoa, nikanywa maji, na bwalo zima likacheka.

Swali lenyewe nitalieleza mahali pake. Mwalimu wetu wa Uraia aliniambia kwamba mtu akishindwa na swali mbele ya watu, afadhali akalisome halafu aliandikie. Basi nimetumia likizo kulisoma jambo hili, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza nieleze kwa nini jambo la visiwani linamhusu mtoto wa Makurunge. Wasomaji wa huku Bagamoyo wanajua kwamba katika miaka ya 1970 Serikali ya Zanzibar ilifungua ranchi ya ng'ombe kwetu, iliyoitwa RAZABA, yaani Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo. Visiwani ardhi ni haba, na ng'ombe wanahitaji malisho mapana, kwa hiyo malisho yakatafutwa ng'ambo. Babu yangu mzaa baba alitoka Unguja kuja kuchunga na kuogesha ng'ombe wa ranchi hiyo, akaoa Makurunge, akabaki. Ranchi ilikufa, na leo sehemu ya ardhi ile imepandwa miwa, lakini babu hakurudi kwao. Redio yake tu ndiyo iliyokuwa ikirudi Unguja kila jioni.

Sasa nianze na historia. Zanzibar haikuanza kandanda jana. Mashindano makongwe ya mataifa katika sehemu zetu ni Kombe la Gossage, lililopewa jina la kampuni ya sabuni ya Kiingereza iliyolitoa. Lilianza mwaka 1926, likishindaniwa na Kenya na Uganda peke yao. Tanganyika iliingia mwaka 1945, na Zanzibar mwaka 1949. Kwa hiyo Zanzibar ilikuwa na timu yake katika mashindano ya mataifa miaka 15 kabla ya Muungano wa tarehe 26 Aprili, 1964. Kombe hilo lilibadilishwa jina mwaka 1967, na tangu mwaka 1973 limekuwa chini ya CECAFA, yaani Baraza la Vyama vya Kandanda vya Afrika Mashariki na Kati. Wengi wetu tunaliita Kombe la Chalenji.

Msomaji na aliangalie vizuri jambo hili, maana ndiyo mzizi wa habari yote. Katika Chalenji, Tanzania huleta timu mbili. Bara huleta timu yake iitwayo Kilimanjaro Stars, na Visiwani huleta Zanzibar Heroes. Lakini katika Kombe la Mataifa ya Afrika na Kombe la Dunia inakwenda timu moja tu, Taifa Stars, ambayo ni ya Muungano mzima. Nyumbani, katika Katiba, michezo haimo katika orodha ya mambo ya Muungano, na kila upande una chama chake cha mpira. Duniani, FIFA inalitambua shirikisho moja tu la Tanzania, nalo ni TFF. Mimi mwenyewe kabla ya mdahalo nilikuwa sijui tofauti ya Kilimanjaro Stars na Taifa Stars. Nilidhani ni jina na lakabu yake.

Katika uwanja huo mdogo waliopewa, Wazanzibari wamefanya nini? Mwaka 1995, mashindano yalipochezwa Uganda, walilichukua kombe lenyewe kwa kuwafunga wenyeji bao 1 kwa 0 katika fainali. Babu anasema siku ile alitembea toka nyumbani mpaka barabarani akimwamkia kila mtu, hata wasiomjua, naye si mtu wa maneno mengi. Mwaka 2012, Uganda tena, walishika nafasi ya tatu baada ya kuwashinda ndugu zao wa Bara kwa mikwaju ya penalti.

Lakini mashindano ninayoyakumbuka mwenyewe ni ya mwaka 2017 nchini Kenya. Nilikuwa darasa la pili. Kocha wa Zanzibar alikuwa Hemed Suleiman, ambaye watu humwita Morocco. Zanzibar iliifunga Rwanda 3 kwa 1. Tarehe 7 Desemba ikaifunga Bara 2 kwa 1, na siku hiyo nyumbani kwetu kukawa na kimya cha ajabu mezani, kwa kuwa mama ni mtu wa Bara na ndiye aliyekuwa akipakua wali. Ikatoka sare na Kenya bila bao, ikafungwa na Libya 1 kwa 0, ikaingia nusu fainali, na huko Kisumu ikawatoa Uganda, mabingwa watetezi, kwa mabao 2 kwa 1.

Fainali ilichezwa Machakos, Jumapili tarehe 17 Desemba. Babu alinichukua mpaka kwenye banda umiza. Wasomaji wa mjini labda hawalijui jina hilo. Ni kibanda cha kuonyeshea mpira ambacho hakina madirisha, watu hukaa wamebanana juu ya mabenchi, na joto lake halielezeki. Kenya walipata bao katika dakika ya tano. Tukakaa na bao hilo moja mpaka dakika za mwisho, watu wengine wameanza kutoka, ndipo Khamis Makame akasawazisha. Katika muda wa nyongeza Kenya wakafunga tena, na dakika mbili hazijatimia Makame huyohuyo akasawazisha tena. Mbili kwa mbili. Ikaja mikwaju ya penalti, na hapo mlinda mlango wa Kenya, Patrick Matasi, akawa ukuta. Kenya wakashinda 3 kwa 2. Babu alinibeba mgongoni kurudi nyumbani, ingawa nilikuwa mkubwa wa kutembea, na njiani hakusema neno.

Sasa msomaji na ajue kilichotokea mwaka huohuo wa 2017, miezi kabla ya fainali hiyo, si uwanjani bali katika kumbi za mikutano. Mimi niliposoma habari hii niliona ni ya kuhuzunisha kuliko penalti.

Shirikisho la Kandanda la Afrika, CAF, lilikuwa limeipa Zanzibar kwa miaka mingi uanachama mshiriki. Maana yake, klabu za Zanzibar, kama KMKM na JKU, ziliweza kucheza mashindano ya klabu za Afrika, lakini timu ya taifa haikuweza kuingia Kombe la Mataifa ya Afrika, wala chama chake hakikuwa na kura. Tarehe 16 Machi, 2017, mkutano mkuu wa CAF uliofanyika Addis Ababa uliipokea Zanzibar kuwa mwanachama kamili, wa 55. Siku hiyohiyo mkutano ulimchagua rais mpya, Bwana Ahmad Ahmad wa Madagascar, akamwondoa Bwana Issa Hayatou wa Cameroon aliyekuwa akitawala tangu mwaka 1988. Visiwani watu walishangilia.

Furaha hiyo iliishi miezi minne. Mwezi wa Julai, katika mkutano mwingine uliofanyika Rabat, Morocco, uanachama ukafutwa. Bwana Ahmad alieleza kwamba Zanzibar haikustahili kupokewa tangu mwanzo, kwa sababu CAF haiwezi kuwa na vyama viwili kutoka nchi moja, na nchi ni ile inayotambuliwa na Umoja wa Afrika na Umoja wa Mataifa. Nami nitaongeza jambo moja kwa upole: rais huyo naye ni mtu wa kisiwa. Ila kisiwa chake kina kiti Umoja wa Mataifa.

Katika mdahalo nilisema kwamba Zanzibar imenyimwa kwa sababu ni ndogo. Hili lilikuwa kosa langu la kwanza, na ninalikiri. Udogo hauhusiki. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2022, Zanzibar ina watu 1,889,773. Majirani zetu Wakomoro, ambao lugha yao na yetu ni ndugu, hawafiki hata milioni moja. Nao walijiunga na FIFA mwaka 2005, na katika mashindano ya Afrika yaliyochezwa Cameroon mwezi wa Januari, 2022, waliifunga Ghana, bingwa wa Afrika mara nne, mabao 3 kwa 2, wakaingia hatua ya mtoano. Huko walikutana na wenyeji bila ya mlinda mlango hata mmoja, maana mmoja aliumia na wawili walipimwa wakaonekana wana korona. Wakamvalisha glavu beki wao wa kushoto, Chaker Alhadhur. Mchezaji wao mmoja akatolewa kwa kadi nyekundu mapema kabisa. Na bado wakafungwa 2 kwa 1 tu, tena bao lao, mkwaju wa adhabu wa Youssouf M'Changama kutoka mbali, lilikuwa zuri kuliko yote ya siku ile. Visiwa vidogo, timu isiyo na golikipa, lakini viti vyao viko mahali pake.

Basi kama si udogo ni nini? Ni sheria: viti hivi hupewa dola. Lakini hata sheria hii, nilipozidi kusoma, niliona ina matundu mengi. Uingereza ni dola moja, na ina timu nne, England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini, kwa kuwa vyama vyao ni vya kale kuliko FIFA yenyewe. Huko bahari ya Karibi, ng'ambo ya Atlantiki, kuna kisiwa kiitwacho Curaçao chenye watu wapatao 156,000. Si dola huru, bali ni sehemu ya Ufalme wa Uholanzi. Mwezi wa Novemba, 2025, kisiwa hicho kilifuzu kwa Kombe la Dunia la 2026, na hakuna nchi ndogo kuliko hiyo kwa idadi ya watu iliyowahi kufuzu.

Mfano ulionigusa zaidi ni wa visiwa vya Martinique na Guadeloupe, vilivyo katika bahari hiyohiyo. Hivi ni sehemu ya Ufaransa kabisa, kama Mafia ilivyo sehemu ya Mkoa wa Pwani. FIFA haivitambui. Lakini shirikisho la bara lao, CONCACAF, limevipokea, na vinacheza Kombe la Dhahabu, ambalo kwao ni kama Kombe la Mataifa ya Afrika kwetu. Martinique ilifika robo fainali mwaka 2002. Guadeloupe, mwaka 2007, iliwafunga Kanada, ikawafunga Honduras katika robo fainali, na katika nusu fainali ikafungwa na Meksiko bao moja tu. Timu hiyo ilikuwa na Jocelyn Angloma, ambaye zamani aliichezea Ufaransa yenyewe, naye alikuwa amepita miaka arobaini. Nilipoyasoma haya nilipiga meza. Nikajisemea, kumbe lililokataliwa Rabat linawezekana! Mwanachama wa bara asiwe mwanachama wa FIFA, na hakuna anayedhurika.

Nilikuwa tayari nimeanza kuandika makala hii kwa ushindi mkubwa, ndipo likanirudia swali la yule mwenzetu wa Pemba. Aliniuliza hivi: "Na Fei Toto angechezea nani?"

Feisal Salum, ambaye wote tunamwita Fei Toto, ni mtoto wa Unguja, na ameivaa jezi ya Zanzibar Heroes. Ameivaa pia ya Taifa Stars, na alikuwamo katika kikosi kilichokwenda Misri mwaka 2019, Tanzania iliporudi katika Kombe la Mataifa ya Afrika baada ya kukosekana tangu mwaka 1980. Katika kikosi hicho alikuwapo Mudathir Yahya, naye wa Visiwani, na Aggrey Morris, aliyepata kuichezea Zanzibar. Kabla yao alikuwapo Nadir Haroub, yule Cannavaro, aliyekuwa nahodha wa Taifa Stars huku akiwa nguzo ya Heroes. Kwa utaratibu wa sasa mchezaji wa Zanzibar ana mashati mawili. La kijani na bluu la Muungano huvaliwa katika mashindano makubwa ya bara, na la Zanzibar katika Chalenji.

Hapa ndipo mfano wangu wa Martinique ulipovunjika. Ufaransa inacheza Ulaya. Martinique inacheza Amerika. Haziwezi kukutana katika ratiba moja, kwa hiyo mtu anaweza kuwa wa huku na wa kule bila kumkosea mtu. Bali Zanzibar na Tanzania zote zingekuwa Afrika, katika mashindano yaleyale, pengine katika kundi lilelile. Mchezaji hawezi kuzichezea timu mbili katika kombe moja. Fei angelazimika kuchagua. Akichagua kwao, Taifa Stars inapungukiwa kiungo wake. Akichagua Taifa Stars, atapitaje Darajani siku ya pili? Tena si yeye tu. Kocha Hemed Suleiman, aliyewafikisha Heroes kwenye fainali ya Machakos, ndiye aliyeishika Taifa Stars kule Ivory Coast mwezi wa Januari, 2024, kocha mkuu aliposimamishwa katikati ya mashindano. Alipata sare ya 1 kwa 1 na Zambia, na sare bila bao na Kongo. Mambo haya yamesukwa pamoja kama ukili, na mtu akivuta uzi mmoja ajue anavuta na mingine.

Basi je, nimebadili upande? Hapana, ila sisemi tena kwa sauti ile. Naona bado kuna jambo lisilo sawa. Mwezi wa Agosti, 2025, Tanzania, Kenya na Uganda zilipoandaa kwa pamoja mashindano ya CHAN, ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani, uwanja wa Amaan ulipewa baadhi ya michezo. Wazanzibari waliwatazama Sudan wakiwafunga Nigeria mabao 4 kwa 0 katika uwanja wao wenyewe. Nyasi za Amaan zinafaa kwa mashindano ya Afrika, taa zake zinafaa, mashabiki wake wanafaa, ila jina la mahali penyewe ndilo lisiloandikwa kwenye ratiba. Na Zanzibar imekwisha jaribu hata milango ya uani. Mwaka 2006 ilikwenda Hamburg, Ujerumani, katika mashindano ya timu zisizo katika FIFA, ikafika fainali na kushindwa na Kupro ya Kaskazini kwa penalti, na mwaka 2012 ikashika nafasi ya tatu katika mashindano ya namna hiyo huko Kurdistan. Mtu hasafiri hivyo kama hana haja.

Kwa maoni yangu uamuzi wa Rabat ulikuwa na sheria upande wake. Lakini kumpokea mtu sebuleni mwezi wa Machi na kumtoa mwezi wa Julai si adabu, hata kama sheria inaruhusu. Wakubwa wangelipima jambo kabla ya kupiga kura. Na kama siku moja litajadiliwa tena, waulizwe kwanza vijana wanaocheza, maana wao ndio watakaovuliwa shati moja.

Nilimpelekea babu swali lile la Fei Toto wakati wa likizo. Hakunijibu. Tarehe 30 Desemba, 2025, tukaenda pamoja banda umiza lilelile, sasa mimi ndiye niliyemshika mkono yeye, kuitazama Tanzania ikicheza na Tunisia kule Morocco. Tulikuwa tumefungwa na Nigeria na kutoka sare na Uganda, na bila ya pointi hapo safari ingekwisha. Tunisia walitangulia. Kipindi cha pili kilipoanza, Fei akasawazisha. Benchi letu lilianguka pamoja na watu wote waliokuwa juu yake. Babu aliinuka toka chini, kofia imekwenda upande, akipiga kelele, "Mtoto wetu! Mtoto wetu!" na mama ntilie wa jirani, Mkwere wa Makurunge, alikuwa akipiga kelele hiyohiyo. Ikabaki moja kwa moja, na Tanzania ikaingia hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza katika historia yake. Tarehe 4 Januari tulifungwa na wenyeji Morocco bao 1 kwa 0, na tukafunga mizigo kwa heshima.

Usiku ule wa Tunisia, tukirudi nyumbani kwa mwanga wa simu yangu, babu alikuwa na furaha kuliko nilivyopata kumwona. Nikadhani sasa nimepata jibu la kumpelekea yule mwenzangu wa Pemba. Tulipofika mlangoni babu akasimama, akaweka kofia yake sawa, akaniuliza:

"Hebu niambie, mjukuu wangu, Chalenji ijayo inachezwa wapi?"